Mwamba uliofungwa bamvua sita

Mwamba ulifungwa miezi mitatu, yaani bamvua sita za maji kutoka mbali, ili pweza wakue. Siku ya kuufungua, wanawake wa kijiji walishuka ufukweni na vijiti vyao wakangoja maji yatoke. Kabla hayajatoka, wazamiaji wenye mitumbwi walikuwa wameshaupitia mwamba wote. Ilipogonga saa nne asubuhi, mawe yakiwa nje, waliokwenda kwa miguu walikuta mashimo matupu. Mchana ukawa ugomvi dikoni, pale mzigo wa baharini unaposhushwa na kuuzwa: huyu anataka mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, ajiuzulu, yule anadai mchango wake wa doria, na wakala wa pweza ameshusha bei mara mbili tangu asubuhi kwa kisingizio kwamba barafu imemwishia.

Waliosema mpango umefaulu walikuwa na picha za pweza wakubwa ambao kijiji hakikuwaona kwa muda mrefu. Waliosema umeshindwa walikuwa na ndoo zisizo kitu. Hakuna kati yao aliyedanganya.

Kijiji sikitaji. Kiweke mwambao wa Kilwa, mkoani Lindi, na ujue kwamba kisa chenyewe nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia katika vijiji vya ukanda ule. Ukitembea kutoka Somanga hadi Sudi utakuta kila mahali kipande chake. Kufunga miamba kwa ajili ya pweza si jambo geni kwetu: Songosongo wamefanya, Jibondo kule Mafia wamefanya, Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya. Wazo lilipata umaarufu kutoka Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, ambako kijiji kilifunga mwamba wake mmoja mwaka 2004, na vijiji jirani vilipoona kilichotoka siku ya kufungua navyo vikaiga.

Wazo lenyewe ni zuri, na pweza anafaa kuliko viumbe wengi. Pweza tunayemvua mwambao huu haishi sana. Mwaka mmoja au zaidi kidogo, basi. Katika huo muda mfupi hukua kwa kasi ya ajabu, hivyo aliyeachwa akiwa na nusu kilo, ukimrudia baada ya bamvua chache humkuti vilevile. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia shimoni, hutundika mayai yake darini, vishada kwa vishada, kila yai dogo kama punje ya mchele, na idadi yake hufika malaki. Huyalinda na kuyapulizia maji bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchokoa huyo umepata nyama iliyokonda na umeua kizazi kizima. Mwamba ukitulia miezi miwili au mitatu, baadhi ya majike humaliza kazi yao na vijana hufika uzito wa maana. Ukiufunga miaka miwili kwa ajili ya pweza peke yake hujaongeza kitu, maana watakuwa wamekufa kwa uzee. Anayetaka samaki wa mwambani warudi, changu, chewa na wenzao, huyo anahitaji eneo la kupumzika kwa miaka, na hilo ni shauri jingine kabisa ambalo watu wa miradi hupenda kulichanganya na hili.

Kwa upande wa baiolojia, basi, kijiji hakikukosea. Kilikosea kwenye hesabu ya nani anagharimia.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hutoka mbali, na pwani yetu hii hukauka kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kisha tena saa kama hizo usiku. Mchokoaji anayekwenda kwa miguu ana siku tano au sita za kazi katika kila bamvua. Maji yakiwa mafu, yaani yasipotoka mbali kati ya bamvua na bamvua, yeye haufikii mwamba. Miezi mitatu kwake ni bamvua sita, na bamvua sita ni siku zote za uvuvi alizonazo katika robo ile ya mwaka. Hana siku nyingine ya kufidia. Mzamiaji mwenye mtumbwi au ngalawa, ukimfungia mwamba wa karibu, anavuka kwenda wa mbali. Maji mafu humfaa, na ikibidi anakwenda dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, wiki mbili na kurudi. Anachopoteza ni urahisi wa safari.

Na anayekwenda kwa miguu ni nani? Kwa sehemu kubwa ni mwanamke, na mara nyingi ni yule asiye na mume mwenye chombo. Pesa ya pweza wake haiingii benki. Inakwenda moja kwa moja kwenye unga, sabuni na daftari la mtoto. Kwa hiyo mwamba ulipofungwa, aliyelipa ushuru wa uhifadhi wa kijiji kizima ni yule asiye na chombo. Sidhani kuna aliyekaa akalipanga hilo. Mkutano uliopitisha uamuzi uliitishwa asubuhi ya bamvua, wachokoaji wakiwa baharini, na waliokuwepo chini ya mwembe ni wanaume wenye vyombo, wazee na wageni wa mradi. Ukisoma muhtasari utaona umeandikwa "wananchi wote waliridhia".

Uchokoaji wenyewe afadhali nieleze kidogo, kwa sababu wanaopanga kufunga miamba mara nyingi hawajawahi kuufanya. Shimo la pweza halionekani kwa pweza. Linaonekana kwa uchafu wake. Mlangoni kuna maganda ya kaa, magamba ya kome, na vijiwe vilivyosukumwa nje vikiwa safi kuliko vya jirani. Mama mwenye uzoefu hutembea amejiinamia, maji yamefika muundini, na huyaona magamba yale kabla hujamaliza kuuliza swali. Ana vijiti viwili. Kimoja cha mti hukiingiza taratibu kumchokoza pweza, naye hukishika. Kingine, cha chuma chenye ndoano nchani, humwopoa. Halafu kichwa kinapinduliwa, anarushwa kwenye ndoo, mama anasogea. Jiwe alilolipindua hulirudisha lilivyokuwa. Hiyo ni adabu ya kazi ambayo vijana wengi wanaochokoa kwa nondo hawana, na ni afadhali sheria ndogo za vijiji zingeanza na hilo kabla ya tarehe za kufunga na kufungua.

Mzamiaji hufanya vilevile kwenye kina, kwa miwani na pumzi. Lakini hahitaji maji yatoke. Kanuni ya kijiji ilisema mwamba utafunguliwa "tarehe fulani, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi". Saa kumi na mbili maji bado yamejaa shingoni. Aliyeandika sentensi ile amewapa wenye miwani saa tatu au nne za kuvua peke yao, kisheria kabisa, mhuri wa kijiji ukiwa chini yake.

Nimesikia ikielezwa kwamba hiyo ilikuwa hila. Mimi naona ni uzembe wa kawaida. Aliyeandika ni kijana mwenye nia njema anayejua ofisi hufunguliwa asubuhi.

Tuje kwa wakala. Pweza wa kusini huuzwa kwa mawakala wanaokusanyia viwanda, navyo viwanda hugandisha na kupeleka Ulaya, hasa Italia, Hispania na Ureno. Kule pweza hupangwa kwa madaraja ya uzito, na mkubwa ana bei yake. Dikoni kwetu kilo ni kilo. Ukileta pweza mmoja wa kilo mbili na nusu na jirani akaleta watano wa nusu nusu, mnalipwa sawasawa. Hapo faida yote ya kungoja pweza akue, ukiacha ile ya uzito, inapita mikononi mwa mvuvi na kwenda kukaa kwa mtu ambaye hakungoja. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kila wakala anaijua. Bado wadogo hupita, wakichanganywa na wakubwa kwenye beseni moja kabla ya mizani, kwa sababu kikataliwe nini wakati mnunuzi ni mmoja na analipa bei moja?

Jambo la pili la wakala ni deni, na hili ndilo lililovunja siku ile ya kufungua hata kabla ya ugomvi juu ya ile kanuni ya saa kumi na mbili. Tajiri anayenunua pweza ndiye anayekopesha miwani, pesa ya mafuta, pesa ya msiba, pesa ya kumpeleka mtoto shule. Masharti yake ni kwamba mzigo uje kwake kwa bei anayoitaja yeye. Katika miezi mitatu ya kufungwa watu waliendelea kula, na walikula kwa mkopo. Mwamba ulipofunguliwa, sehemu kubwa ya pweza waliotoka walikuwa wameshaliwa mezani mwezi uliopita. Mzee mmoja alimwambia mwenyekiti, kijana wa kumzaa, mbele ya kadamnasi: "Mwanangu, umewafungia bahari ukawaachia duka. Ulidhani watakula wapi?" Mwenyekiti alijibu, "Kweli baba, hilo hatukulitazama," na sikumbuki mkutano wa uvuvi uliowahi kusema jambo zito kwa maneno machache namna hiyo.

Doria nayo ilikuwa na yake. Mchana mwamba ulilindwa vizuri. Usiku, maji yakitoka saa nne, tochi zilionekana, na kila mtu alijua za nani, lakini kumkamata shemeji yako usiku na kumfikisha kwa mtendaji asubuhi si kazi nyepesi. Ndani ya mwezi wa pili walitokea wavuvi wa dago kutoka wilaya nyingine, leseni mkononi. BMU ilipowazuia walidai leseni yao haina mwamba uliofungwa ndani yake. Hapo tatizo la kisheria lilijitokeza. BMU zina msingi katika Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, lakini makubaliano ya mkutano wa kijiji, hata yakipigiwa makofi, hayamfungi mgeni mpaka yawe sheria ndogo iliyopita mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kilikuwa na makubaliano. Sheria ndogo ilikuwa bado rasimu.

Kuna watakaosema suluhisho ni serikali kushika yote. Kusini tuna mfano wa njia hiyo: hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma, huko Mtwara, iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ina mipaka, ina watumishi, ina mamlaka ambayo BMU haiwezi kuyaota. Lakini upande wa pili tuna kumbukumbu ya miaka ya 1990, pale vijiji vya Lindi na Mtwara vilipochoshwa na uvuvi wa baruti, vikaunda umoja wao ulioitwa Shirikisho na kuingia baharini wenyewe kukamata wapigaji. Baruti ilipungua sana. Baadaye ikarudi, kesi zikikwama na nguvu zikipungua, mpaka msako wa vyombo vya dola katikati ya miaka ya 2010 ulipoibana tena. Ninachokisoma hapo ni kwamba kijiji huanza vizuri kikiwa na hasira na huchoka kikiwa hakina mahakama nyuma yake. Mlinzi wa mwamba wa pweza anahitaji karatasi ya halmashauri kuliko boti mpya.

Sasa hesabu. Baada ya ufunguzi, kilo zilizopimwa siku ya kwanza ziliandikwa kwenye bango na kupelekwa wilayani. Namba ya siku ya kwanza ndiyo namba ya udanganyifu kuliko zote katika biashara hii. Chukua mfano wa kubuni: mwamba unatoa kilo 200 kwa bamvua ya kawaida. Bamvua sita ni kilo 1,200 zilizosamehewa. Siku za ufunguzi zinatoka kilo 900, watu wanashangilia, na kweli haijawahi kuonekana. Lakini kijiji bado kinadai kilo 300, na zitarudi tu iwapo bamvua zinazofuata zitakuwa nono kuliko zamani. Kujua hilo kunahitaji daftari linaloendelea baada ya wageni kuondoka: tarehe, mtu kaenda kwa miguu au kwa chombo, saa alizokaa mwambani, idadi ya pweza na kilo zao. Idadi na kilo pamoja, maana hapo ndipo utakapoona kama wanakua au wanazidi tu kuwa wengi na wadogo. Na daftari jingine la mwamba wa jirani ambao haukufungwa, kwa sababu wale wazamiaji waliohama walikwenda kuukamua huo. Kijiji hiki kilikuwa na daftari la siku tatu.

Mzunguko wa pili ulipangwa upya, na mabadiliko mengi yalitoka kwa wachokoaji wenyewe baada ya mkutano kuitishwa, safari hii, siku za maji mafu. Mwamba wa karibu kabisa na kijiji uliachwa wazi kwa wanaokwenda kwa miguu. Uliofungwa ni ule wa nje, ambao wenye vyombo ndio wanaufaidi zaidi, kwa hiyo gharama ikahamia kwa wenye uwezo wa kuibeba. Saa ya kufungua ikaondolewa. Badala yake imeandikwa kwamba siku mbili za kwanza mwamba ni wa wanaotembea, na vyombo huweka nanga nje ya boya mpaka siku ya tatu. Wanaotembea huvushwa na mitumbwi kwa nauli iliyokubaliwa mapema. Mnunuzi akatafutwa kabla, wakaitwa mawakala zaidi ya mmoja, wakataja bei mbele ya watu, ya wakubwa mbali na ya wadogo, na aliyeshinda akatakiwa kuja na barafu ya kutosha. Kutoka kila kilo hukatwa kiasi kidogo kwa ajili ya mafuta ya doria na kwa ajili ya mfuko wa hisa wa kina mama, ili mkopo wa miezi ya kufungwa utoke humo badala ya kutoka kwa tajiri.

Bei za mnada ule mdogo zilizidi za mwaka uliotangulia, lakini nisilitie chumvi: soko la pweza hupanda na kushuka kwa sababu za Ulaya ambazo hapa dikoni hatuzioni, na mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Ninachokisimamia ni utaratibu wenyewe, kutaja bei kabla ya pweza kufa. Akishakufa bila barafu, mvuvi hana tena cha kujadili.

Kuhusu majira kulikuwa na mvutano wa kweli, na sina hakika walichagua vyema. Wengi walitaka kufunga kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na nyumba nyingi za Lindi na Mtwara zina pesa. Hoja hiyo ni nzuri mezani. Tatizo ni kwamba ndiyo matlai, bahari imelala, maji maangavu, msimu ambao mzamiaji huungojea mwaka mzima. Ukimfungia wakati huo umemnyima mavuno, na kishawishi cha tochi ya usiku ni kikubwa. Wengine wakasema kusi, pepo zikivuma Juni na Julai na vyombo vidogo havitoki. Lakini kusi ndipo watu hutegemea miamba ya karibu zaidi kuliko wakati wowote. Na asiye na chombo, aghalabu, hana hata mikorosho. Pesa ya korosho inayotajwa kumfariji ni ya jirani yake. Waliafikiana Oktoba. Mimi ningefunga miezi miwili badala ya mitatu, bamvua nne, na kurudia mara mbili kwa mwaka, mradi mwamba wa ndani ubaki wazi. Pweza hukua haraka kiasi kwamba bamvua mbili za mwisho hununua kidogo kuliko zinavyogharimu. Wenzangu wanaoamini mzunguko mrefu hunijibu kwamba jike aliyetaga mwishoni atakuwa hajamaliza, na ni hoja ya haki.

Wakati watu wa mipango wanaangalia bandari kubwa ya uvuvi ya Kilwa Masoko, na meli za bahari kuu zinazotarajiwa kutia nanga hapo, pweza wa ndoo huonekana jambo dogo. Sioni kwa nini kimoja kimfukuze mwenzake. Bandari ikiwa na mtambo wa barafu unaouza hata kwa mchuuzi wa baiskeli, wakala wa dikoni atapoteza kisingizio chake kikuu siku hiyohiyo.

Sheria ndogo sasa iko halmashauri. Imerudishwa mara moja kwa kuwa ramani ya mwamba ilichorwa kwa majina ya kienyeji bila nukta za mipaka, marekebisho ambayo kijana yeyote mwenye simu ataweza kuyafanya kwa mtumbwi asubuhi moja. Lililobaki gumu ni kifungu cha siku mbili za wanaotembea. Vijana wa kiume wasio na chombo wamesema na wao watashuka kwa miguu, wakiwa na miwani mfukoni, na kina mama wanataka kifungu kiseme wanawake. Mwanasheria wa halmashauri ameuliza kama kitataja jinsia au zana. Kina mama wamejibu zana: anayeingia siku hizo aingie na vijiti viwili, miwani ibaki nyumbani. Vijana hawajakubali, na mkutano umewekwa maji mafu yajayo.